Farasi Hawaui Injini: Hotuba kwa Wenye Magari ya Turbo, Arusha

Hotuba hii ilitolewa Arusha mbele ya wenye magari ya turbo na mafundi wao. Tumeiweka yote hapa kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizooneshwa ukutani hazimo.

Itifaki imezingatiwa. Wazee wangu, mafundi wenzangu, vijana wenye magari yanayopiga kelele pale nje, dada zangu mliojaza mistari ya mbele, habari za mchana? Sijasikia. Habari za mchana? Haya, sasa tumeamka.

Nimeombwa nizungumzie jambo moja. Una injini ya turbo, ile feni inayosukumwa na moshi wa ekzosti na kusukuma hewa ya ziada ndani ya injini, kama ilivyotoka kiwandani. Hujafungua kitu ndani. Pistoni zilezile, konrodi zilezile, yaani mikono inayounga pistoni na krankishafti, gasketi ileile. Unaitaka itoe nguvu mara moja na nusu ya ile iliyozaliwa nayo, wengine mnataka mara mbili, na Jumatatu asubuhi ikupeleke kazini kama kawaida. Inawezekana? Inawezekana. Mbona basi gereji zetu zimejaa injini zilizofunguka?

Kila mwenye injini iliyokufa akifika kwangu ananiambia, "Fundi, tumeizidishia farasi." Namwambia hapana. Farasi, yaani nguvu farasi, kipimo cha nguvu ya injini, hawaui injini. Inauawa na presha inayofika ndani ya silinda wakati usio wake. Inauawa na joto lililokosa pa kwenda. Inauawa na oili ambayo haikufika. Leo nitakaa sana kwenye hilo la presha, maana ndilo linalotumaliza.

Nianzie mbali, Ujerumani. Mwaka 1962 BMW walikuwa wakiuza gari dogo la familia, BMW 1500. Injini yake ya silinda nne ilitoa nguvu farasi 80. Themanini tu, pungufu ya bodaboda kubwa za mashindano za leo. Miaka ishirini baadaye, mhandisi Paul Rosche na wenzake wakaichukua bloki ya ukoo uleule, wakaipunguza ujazo hadi lita 1.5, wakaifungia turbo na kuiingiza kwenye mbio za magari za Formula One ndani ya magari ya timu ya Brabham. Mwaka 1983 Nelson Piquet akawa bingwa wa dunia kwa injini hiyo, bingwa wa kwanza kutwaa taji akiendesha gari la turbo. Ilipofika 1986, kwenye mbio za kufuzu, ilikadiriwa kupita farasi 1,300. Nasema ilikadiriwa kwa sababu mashine yao ya kupimia iliishia 1,280. Bloki ya gari la kwenda sokoni hiyo!

Tena hawakuwa na haja na bloki mpya. Walipenda zilizokwisha kutembea barabarani, kwa sababu chuma kilichopata moto na kupoa maelfu ya mara kimeshatulia, hakijipindi tena. Kuna simulizi kwamba mafundi waliziacha nje zinyeshewe mvua, na kwamba wengine walizikojolea. La kukojolea mimi siapi.

Sasa msitoke hapa mkasema fundi kasema bloki haifi. Ndani ya bloki ile kila kitu kilikuwa cha mashindano: pistoni, konrodi, krankishafti, hedi ya valvu kumi na sita. Na injini ya kufuzu ilikuwa ya mizunguko michache tu ya uwanja, kisha inafunguliwa. Nataka mbaki na hili: katika msimu ule wa 1983 kilichowabana wasipandishe presha ya turbo kilikuwa mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda. Chuma kilikuwa bado kina pumzi. Wakaletewa mafuta mapya kutoka kwa wanakemia wa kampuni ya BASF, yenye toluini kwa wingi, mafuta yanayovumilia kubanwa bila kujiwasha. Presha ikapanda. Bloki ileile, turbo ileile, mafuta mengine.

Magari yetu ya Kijapani nayo yana akiba yake. Kuanzia 1989 hadi 2004 viwanda vya Japani vilikuwa na makubaliano ya kutotangaza gari la barabarani lenye zaidi ya farasi 280. Ndiyo maana 1JZ ya Mark II, 2JZ ya Supra na RB26 ya Skyline, injini tatu zenye ujazo tofauti, kwenye karatasi zote zina farasi 280. Mnadhani ni bahati? Chukua 2JZ yenye turbo: bloki ya chuma, silinda sita kwa mstari, krankishafti imeshikwa sehemu saba, kuna nozeli za oili zinazorushia pistoni kutoka chini kuzipoza, mgandamizo umeshushwa hadi 8.5 kwa 1. Waliojenga kitu kile walijua kitafanyishwa kazi kuliko ile ya kwenye karatasi.

Ila akiba ya jirani si akiba yako. Injini ya Subaru Forester ya turbo ya lita 2.0 ni aluminiamu, silinda zake zimelala kushoto na kulia, na kwa juu nyingi hazikushikiliwa na bloki pande zote. Pistoni zake ni za kumimina kwenye kalibu, hazikufuliwa kwa kupondwa kama chuma cha mhunzi. Zinafanya kazi nzuri kwa miaka mingi. Hazina msamaha tu. Kijana anatazama video ya Supra yenye farasi 700 halafu anakuja kuniambia, "Fundi, na mimi Subaru yangu." Nani amekwambia ni ndugu?

Twende kwenye kugonga. Simaanishi injini iliyonoki kwa beringi, ile inayolia kama mtu anabisha hodi chini ya gari. Hiyo inakuja baadaye. Nazungumzia mafuta kugonga, detonesheni. Plagi inapiga cheche, moto unaanza katikati na kusambaa kwenda pembeni. Wakati unasambaa unayabana mafuta na hewa ambayo bado hayajafikiwa, kule ukingoni. Yakibanwa sana, yakiwa na joto sana, hayangoji tena. Yanajiwasha yenyewe, yote, kwa mara moja. Presha inaruka ghafla wakati pistoni bado iko juu haina pa kukimbilia. Ile ngozi nyembamba ya gesi baridi inayoikinga pistoni inafagiliwa, na aluminiamu inakutana na moto uso kwa uso.

Na nani anasikia? Hakuna. Kwenye gari lenye ekzosti kubwa na muziki, husikii kitu. Gari linavuta vizuri mpaka dakika ya mwisho. Ndiyo hatari yake: kabla ya kufa, gari huwa tamu.

Plagi hii naipitisha mikononi mwenu, itazameni kwenye mwanga, msiifute. Imetoka kwenye Forester iliyoletwa kwetu ikitoa moshi wa bluu na kurusha oili kupitia bomba la kupumulia. Tazameni kaure ile nyeupe. Mnaona nukta nyeusi, kama pilipili manga iliyonyunyizwa juu ya wali? Katikati yake kuna vipunje vinavyometa. Vinavyometa ni aluminiamu. Ni pistoni hiyo, ndugu zangu. Tulipopima mgandamizo, silinda tatu zilisoma karibu sawa na moja ilisoma chini ya nusu ya wenzake. Tukafungua. Ule ukuta mwembamba kati ya ringi ya kwanza na ya pili umevunjika, kipande kizima kimetoka, na ringi inacheza.

Ilikuwa na farasi wangapi? Mwenyewe alijua, maana alikuwa ameipima kwenye daino, mashine ya kupimia nguvu ya gari. Haikufika 300. Gari lililotoka kiwandani likiwa na zaidi ya 200! Farasi hawakuwa wengi. Ila alinunua mtandaoni programu ya kompyuta ya injini, ya gari kama lake, iliyoandikwa kwa petroli ya Japani, ile ya daraja la juu inayouzwa kule kama oktani 100; oktani ni kipimo cha petroli kuvumilia kubanwa bila kujiwasha. Pampu zetu haziuzi petroli hiyo. Programu ikawa inawahisha cheche kwa kuamini mafuta ambayo hayamo tangini. Juu ya hapo, interkula yake, kile kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo, iko juu ya injini, imekaa foleni imeshapikwa, taa zinaruhusu, anakanyaga. Petroli dhaifu, cheche ya mapema, hewa ya moto. Kila kimoja peke yake injini ingevumilia.

Kwa hiyo ukitaka kujua injini yako inaweza kubeba nini, usiulize farasi. Uliza: petroli ninayoweka kila siku ni ipi? Hewa inaingia na joto gani? Cheche inapigwa lini? Mafuta yanatosha? Kwenye mwendo wa kawaida injini huchoma hewa sehemu 14.7 kwa petroli sehemu moja. Turbo ikikaza, tunaitajirisha hadi karibu 11 au 11 na nusu, ili ile petroli ya ziada ipoze. Ikifika 13 wakati busti, yaani presha ya turbo, imejaa, anza kuchangisha pesa. Na hayo hayajulikani kwa kunusa ekzosti. Kuna sensa ya kufungwa kwenye ekzosti, gharama yake ni ndogo kuliko pistoni moja na kazi ya kuifunga.

Mzee wangu pale nyuma anatikisa kichwa. Anasema enzi zao waliiweka injini sawa kwa sikio. Kweli mzee, na zilikuwa kabureta zenye farasi 90. Heshima zote.

Sasa hili linatuhusu sisi watu wa milimani. Arusha tuko mita kama 1,400 juu ya bahari. Hewa ya hapa ina presha kama asilimia 15 pungufu ya ile ya Dar es Salaam. Geji yako ya turbo inasoma presha iliyoongezwa juu ya hewa ya nje. Ukiona bar moja, bar ni kipimo cha presha, hapa, ndani ya injini kuna kama 1.86. Bar hiyohiyo moja ukiwa Dar, ndani kuna karibu 2.0. Geji haijasogea. Injini imepata hewa zaidi kwa asilimia nane.

Kuna Mark II ya 1JZ iliyowekwa sawa hapahapa mjini. Kwa wasioijua, kompyuta ya Toyota ile inapima presha ya hewa inayoingia, na ikizidi kiwango inakata mafuta kuilinda injini. Vijana hawapendi kukatiwa. Basi wanafunga kile kidude cha kuidanganya sensa: presha ikipanda, kompyuta inaambiwa imesimama palepale. Mafuta hayakatwi. Shangwe! Lakini hebu fikirini. Kompyuta isiyojua kwamba hewa imeongezeka itaongeza petroli kwa sababu gani?

Hapa Arusha gari lilikuwa kwenye ukingo, likivumilia. Mwenyewe akapata harusi Dar. Akashuka Moshi, Same, Korogwe, na kila anavyoshuka hewa inazidi kuwa nzito na joto linazidi. Hakuna alichogusa. Baada ya Segera akakuta lori, akapanga gia ya tatu, akakanyaga mpaka chini. Alifika Chalinze nyuma ya gari la kuvuta. Pistoni mbili zilikuwa na matundu. Harusi alihudhuria kwa basi.

Kinyume chake kipo pia. Gari lililowekwa Dar kwa kompyuta inayolenga presha kamili, ikipanda huku inailazimisha turbo iifikie presha ileile kutoka kwenye hewa nyepesi. Kule ilikuwa inaikuza hewa mara mbili, huku mara 2.3. Turbo inazunguka kasi zaidi na hewa inatoka na joto zaidi. Kwa turbo ya ubora wa kawaida, kabla ya interkula, ni kama nyuzi 125 kule na 140 huku, tena hapo nimehesabu Arusha ya nyuzi 25. Turbo ndogo ikifikishwa hapo inatoa joto kuliko hewa.

Piquet ninayemtaja, taji lile la 1983 alilitwalia kwenye kimo hichohicho, Kyalami, karibu na Johannesburg, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Ilikuwa Oktoba 15, 1983, mbio za mwisho. Alain Prost wa Renault alifika akiongoza kwa pointi mbili. Katikati ya mbio turbo ya Prost ikafa. Piquet alikuwa anaongoza. Mnajua alifanya nini? Akapunguza presha. Akawaacha wenzake wampite, akamaliza wa tatu, akaondoka na ubingwa. Ana farasi zaidi ya 600 mgongoni, na amejua ni lini hana haja nao.

Hapo naingia kwenye torki, yaani nguvu ya kuzungusha, nisiwachoshe. Farasi 300 kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika ni torki ya niutoni-mita kama 350. Farasi haohao 300 wakipatikana kwenye mizunguko 3,000 ni kama 700. Namba ya kumtambia jirani ni moja, konrodi imebeba mara mbili. Konrodi inapindwa na msukumo wa silinda moja kwa mlipuko mmoja, na haijui umeandika nini kwenye kioo cha nyuma. Kwa hiyo turbo ndogo inayojaa mapema kwenye gia ya tano, gari liko mizunguko 2,500, umekanyaga chini unapanda mlima, hiyo inavunja konrodi kuliko kijana anayeivuta hadi 7,000. Huku juu sana kuna hatari nyingine, uzito wa pistoni yenyewe, lakini wengi wenu hamfiki huko. Badilini gia. Na fundi anayekuwekea programu mwambie busti ije taratibu, ijae baada ya 4,000. Utapoteza raha kidogo ya kuchomoka kwenye taa za barabarani. Konrodi za kiwandani zinaishi.

Wenye magari mapya ya kupulizia petroli moja kwa moja kwenye silinda, kwenu hilo ni zito zaidi. Kwenye mizunguko ya chini na mzigo mkubwa, tone la oili linaweza kuwasha kabla hata ya cheche. Tangu 2018 kuna daraja la oili, API SN Plus, lililotengenezwa kwa ajili hiyo. Someni nyuma ya galoni, msinunue rangi.

Oili kwa jumla nitasema kidogo. Presha ya oili iwe angalau psi 10, kipimo kingine cha presha, kwa kila mizunguko 1,000, na geji iwepo, kwa sababu ile taa nyekundu inawaka wakati presha imeshakwisha. Dada mmoja alituletea gari lililonoki, ana uhakika oili ilikuwemo, na ni kweli ilikuwemo, pungufu ya lita moja. Kwenye barabara iliyonyooka ilitosha. Kwenye kona ndefu oili ikakimbilia upande, bomba la kufyonza likavuta hewa, sekunde mbili tatu. Beringi hazihitaji zaidi ya hapo. Injini iliyoongezewa presha inakunywa oili kidogo, ni kawaida, kwa hiyo stiki ichomolewe kila unapojaza tangi.

Ukija kwangu na pesa za kuongeza nguvu, sitaanza na turbo, na najua wengine mtahama gereji kwa neno hilo. Kwanza napima mgandamizo na uvujaji wa silinda. Injini iliyochoka haiongezewi kitu, nakurudishia funguo. Kisha pampu ya petroli, na nozeli ambazo kwenye kasi ya juu hazifanyi kazi zaidi ya asilimia 85 ya muda wake. Interkula ya mbele. Plagi za ubaridi daraja moja zaidi, mwanya wake umebanwa hadi milimita 0.7 hivi, ili cheche isizimwe na presha. Chombo cha kukusanyia mvuke wa oili, kwa sababu oili ikirudi kwenye hewa inashusha oktani ya petroli uliyoinunua kwa shida. Geji. Halafu programu, iliyoandikwa gari likiwa kwenye daino hapahapa, kwa petroli ya hapahapa. Busti inapanda mwisho, kidogo kidogo, na fundi akiona kompyuta inarudisha cheche nyuma, anashuka. Hashindani nayo.

Najua swali la kwanza litakuwa namba. Mikono imeshaanza kupanda. Haya. Kwa vitu vya ndani vya kiwandani, vilivyo vizima, na mafuta yanayofaa, mafundi wengi wa 2JZ ya turbo huishia kwenye farasi 600 hivi. Wa 1JZ karibu 450. Subaru hizi zenu, 300 na ushee, na mimi binafsi kwa petroli yetu nasimama kabla ya hapo. Akikuahidi mtu zaidi, muulize akuoneshe rekodi ya cheche na ya mchanganyiko, usiulize video.

Basi. Geji ya mgandamizo ninayo, na ile Forester nyeusi iliyoingia mwisho injini yake bado ya moto, inapimika sasa hivi. Funguo anazo nani? Toa plagi zote nne, moja baada ya nyingine, uzipange kwa mpangilio wa silinda. Wengine tutauliza maswali tukiwa tunasimama pale.